Xeon ya mtumba au Core mpya? Tathmini kwa ofisi na studio za Mbeya na Iringa

Kompyuta za kazi nzito zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani zimejaa sasa katika maduka ya Mbeya na Iringa. Zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinapita Kariakoo, kisha zinapakiwa kwenye mabasi na malori ya kuja Nyanda za Juu Kusini, zikiwa na kasha zito jeusi, nembo ya HP, Dell au Lenovo, na kibandiko kidogo cha bluu kilichoandikwa Xeon, jina la prosesa za Intel za seva na kazi nzito. Mpima ardhi, msanifu majengo, mhariri wa video za harusi na mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wote huambiwa maneno yale yale kwenye kaunta za Mwanjelwa: “Kaka, hii ni Xeon, ni mashine ya seva, hizi nyingine ni za kuandikia barua.” Pembeni yake huwa pamewekwa kompyuta nyembamba isiyovutia macho, yenye Core i5, prosesa ya kawaida ya Intel, ya miaka ya karibuni, na mteja huipita bila hata kuuliza.

Hukumu yangu naitanguliza. Kwa wengi wa wanaoiulizia, Xeon hiyo si chaguo sahihi, na i5 wanayoipita ndiyo ingewafanyia kazi zao vizuri zaidi. Lipo hata hivyo kundi moja ambalo halitapata kitu bora kuliko Xeon kwa fedha ile ile, na mtu wa kundi hilo akishawishiwa kuiacha kwa sababu tu ni ya zamani, naye atakuwa amepotoshwa.

Ninazolinganisha ni mbili ambazo nimezifunga kwa wateja na kuzitumia mwenyewe. Ya kwanza ni Xeon E5-2680 v4 ndani ya HP Z440. Intel waliitoa prosesa hiyo mwaka 2016 kwa ajili ya seva, kwa bei ya orodha ya dola 1,745, ikiwa na viini 14, yaani sehemu 14 za kukokotoa ambazo kila moja hufanya kazi yake peke yake. Kwa kuwa kila kiini hupokea foleni mbili za kazi, Windows huhesabu nyuzi 28. Mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.4, hupanda hadi 3.3 kiini kimoja kinapohitaji, ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 35, na kiwango chake cha joto kimeandikwa wati 120. Ya pili ni Core i5-12400 ya mwaka 2022, iliyotoka kwa dola 192. Ina viini 6 na nyuzi 12, mwendo wa msingi wa gigahezi 2.5 unaopanda hadi 4.4, kashe ya megabaiti 18, na wati 65 za msingi ambazo zaweza kufika 117 kwa muda mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ikiiruhusu. Zote nilizifunga SSD ya aina moja na kadi moja ya grafiki, ili tofauti inayoonekana iwe ya prosesa na kumbukumbu yake tu.

Kwa mtu anayesoma namba hizo harakaharaka, viini 14 dhidi ya 6 vinaonekana kuwa ushindi usio na mjadala. Lakini prosesa haipimwi kwa idadi ya viini wala kwa gigahezi peke yake. Kipimo cha tatu, ambacho hakiandikwi kwenye kibandiko, ni kiasi cha kazi ambacho kiini kimoja hukimaliza katika kila mpigo wa saa yake. Kiini cha Xeon hii, cha kizazi cha Broadwell, kinaweza kufasiri maagizo manne kwa mpigo mmoja na kushikilia maagizo 192 yanayosubiri zamu. Kiini cha i5 ya kizazi cha 12 kinafasiri maagizo sita na kushikilia 512. Kwa sababu hiyo, agizo moja linapokwama likisubiri data kutoka kwenye RAM, kiini kipya huwa na mengine mengi ya kushughulikia, ilhali cha zamani huishiwa mapema na kukaa bure. Ukijumlisha na mwendo mkubwa zaidi wa saa, kiini kimoja cha i5 hufanya kazi inayokaribia mara mbili ya kiini kimoja cha Xeon. Ndiyo maana katika majaribio yanayotumia viini vyote kwa pamoja, prosesa hizi mbili hukaribiana sana, moja ikitangulia kidogo hapa na nyingine kule kutegemea programu, licha ya moja kuwa na viini zaidi ya maradufu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mteja ni moja: programu unayoitumia inagawa kazi yake kwa viini vingapi?

Tuanze na ofisi za ramani za majengo, kwa kuwa ndizo zinazopoteza fedha nyingi zaidi katika jambo hili. AutoCAD kwa sehemu kubwa hutumia kiini kimoja. Revit na ArchiCAD hugawa baadhi ya hatua, kama kurenda (kutengeneza) picha ya mwisho, lakini mambo ambayo mchoraji anayangoja siku nzima, yaani kusogeza ukuta, kufungua mkato mwingine wa jengo, kuhesabu upya ngazi na paa, yanafuatana kwa mstari: hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya jibu la hatua ya kwanza. Shamba la viazi la Uporoto hupaliliwa upesi na vibarua 14, lakini barua moja haiandikwi na mikono 14. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha jambo hili kwa hesabu ambayo mpaka leo haijatenguliwa: ikiwa robo ya kazi haigawanyiki, basi hata ukiwa na viini elfu moja, kazi nzima haitakwenda haraka zaidi ya mara nne. Kazi ya mchoraji mara nyingi ina sehemu isiyogawanyika kubwa kuliko robo.

Anayetaka kuliona hili kwa macho yake afungue Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kazi za kompyuta, kwenye Z440, aende kwenye ukurasa wa utendaji, abofye grafu ya prosesa kwa kitufe cha kulia na kuchagua ionyeshe kila uzi peke yake. Vitatokea visanduku 28 vidogo. Sasa afungue ramani nzito ya jengo la ghorofa na azungushe mwonekano wake. Mstari utapanda katika kisanduku kimoja, utaruka kwenda cha jirani kwa kuwa Windows huihamisha kazi, huku vingine vyote vikilala karibu na sifuri, na hesabu ya jumla ya matumizi itasimama kwenye asilimia 4 au 5. Mchoraji anangoja, mshale wa kipanya umegeuka duara, na kompyuta inasema haina kazi. Nimeonyesha visanduku hivyo kwa wasanifu ambao walikuwa wanafikiri wanahitaji Xeon mbili badala ya moja, na sikuhitaji kueleza zaidi. Kwenye i5, ramani ile ile hufunguka ukingali unaitazama, na kuzungusha jengo hakukwamikwami.

Mtu wa ramani ambaye tayari ameinunua Z440 asiitupe. Katika tundu lile lile la prosesa huingia Xeon E5-1650 v4, ambayo ina viini 6 tu lakini huanzia gigahezi 3.6 na kufika 4.0, na kwa uchoraji itamfaa kuliko hiyo yenye viini 14. Jambo la kusikitisha ni kwamba madukani prosesa hiyo huonekana duni kwa sababu namba yake ya viini ni ndogo, na mafundi wengine hushauri ibadilishwe ili kuweka yenye viini vingi. Ushauri huo unamwondolea mchoraji kitu bora alichonacho.

Sasa niseme mahali ambapo Xeon inastahili heshima yake yote. Katika mikoa yetu kazi ya kupima ardhi kwa droni imeshamiri: mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, misitu ya kupandwa ya Sao Hill, skimu za mpunga za Usangu, viwanja vipya pembezoni mwa miji. Droni hurudi na mamia au maelfu ya picha zinazopishana, na programu kama Agisoft Metashape au WebODM huzilinganisha picha hizo mbili mbili, hutafuta alama zinazofanana, hukadiria kamera ilikuwa wapi kila picha ilipopigwa, kisha hujenga mamilioni ya nukta zenye urefu, upana na kimo. Kazi ya namna hii inagawanyika vizuri. Baadhi ya hatua hupelekwa kwenye kadi ya grafiki, lakini nyingi hubaki kwa prosesa, na visanduku vyote 28 hujaa hadi juu kwa saa nyingi mfululizo.

Hata hivyo, kinachoipa Xeon ushindi hapa ni RAM kuliko viini vyenyewe. Kazi ya droni hula kumbukumbu kwa kadiri ya idadi ya picha, na ikiisha katikati ya kazi, kompyuta huanza kutumia diski kama kumbukumbu ya dharura, ambapo kazi ya usiku mmoja hugeuka kuwa ya siku kadhaa, au programu hufungwa ghafla na kila kitu kupotea. Z440 ina nafasi nane za RAM. Ukiweka vipande vinane vya gigabaiti 16 unapata gigabaiti 128, na kwa kuwa RAM yake ni ya seva, ile iitwayo ECC RDIMM, ambayo haifanyi kazi kwenye kompyuta za kawaida, wanaoihitaji ni wachache na bei yake ya mtumba huwa chini kuliko ya RAM mpya. Mazabodi nyingi za bei nafuu zinazouzwa na i5-12400 zina nafasi mbili tu, kwa hiyo kwa vipande vya gigabaiti 32 unaishia 64, tena kwa bei ya RAM mpya.

ECC yenyewe ina faida nyingine. RAM ya aina hii hubeba biti za ziada za kukagua, ikagundua na kurekebisha kosa la biti moja linalotokea ndani ya kumbukumbu. Katika kuandika barua kosa kama hilo laweza kupita bila madhara. Katika hesabu inayoenda usiku kucha ili kutoa mipaka ya mashamba ya watu, mimi naona ni ulinzi unaostahili kulipiwa. Halafu kuna upana wa njia. Xeon hii husoma RAM kwa njia nne kwa wakati mmoja, na kwa RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2400 jumla yake kinadharia ni gigabaiti 76.8 kwa sekunde. i5-12400 ina njia mbili: kwa DDR4 ya 3200 inapata 51.2, na ili ifikie 76.8 zile zile ni lazima inunuliwe na mazabodi ya DDR5 ya 4800. Prosesa ya 2016 kuwa sawa na ya 2022 katika kipimo hiki ni jambo linaloonyesha kwa nini mashine za seva zilikuwa ghali zilipokuwa mpya. Mpima anayechakata picha za droni kila wiki, mtu anayerenda picha za majengo kwa programu ya Blender bila kadi kubwa ya grafiki, na mwalimu anayetaka kuendesha kompyuta pepe kadhaa ndani ya moja ili wanafunzi wajifunze mitandao, hao ndio kundi nililolitaja, na kwao ningeinunua Z440 bila kusita.

Kwa wahariri wa video hali ni tofauti tena, na hapa wauzaji wanakosea kuliko kote. Studio za harusi, sendoff na kwaya za Mbeya zinapokea picha kutoka kwenye kamera zinazobana video kwa H.264 au H.265. Kufungua mbano huo kwa nguvu ya viini peke yake ni kazi kubwa, na kompyuta ya kisasa huwa na sehemu maalumu ya kuufungua. Kwa Intel sehemu hiyo inaitwa Quick Sync, nayo imo ndani ya grafiki zilizojengwa pamoja na prosesa. Xeon za ukoo wa E5 hazina grafiki ndani, kwa hiyo hazina Quick Sync. Bila kadi ya grafiki hazitatoa hata picha kwenye kioo. Ukiweka kadi ya NVIDIA, kadi hiyo itachukua sehemu kubwa ya mzigo, ila kamera nyingi za sasa za Canon na Sony hurekodi H.265 ya biti 10 kwa mpangilio wa rangi wa 4:2:2, na kadi za NVIDIA hazikuwa na uwezo wa kuufungua mpangilio huo hadi zilipokuja za RTX 50 mwaka 2025. Grafiki ndogo ya UHD 730 iliyomo ndani ya i5-12400 inaufungua. Nimewahi kuweka faili kama hiyo kwenye mashine zote mbili mbele ya mhariri wa sendoff: kwenye Xeon picha ilikwenda kwa kuruka, bwana harusi akiwa mlangoni na mara moja yuko mezani, na feni zikapaza sauti, kwenye i5 ilitiririka. Kwa studio ya video sioni haja ya mjadala.

Tahadhari moja ya lazima: i5-12400F, yenye herufi F mwishoni, imeondolewa grafiki, na pamoja nayo Quick Sync yote. Ni nafuu kidogo, na kwa mchoraji mwenye kadi yake haina shida. Kwa mhariri ni hasara tupu.

Umeme unazungumzwa sana, pengine kuliko inavyostahili. Tuseme mashine ya Xeon inakula wati 60 zaidi ya mwenzake kwa wastani wa siku ya kazi. Kwa saa 8, siku 26 za mwezi, hizo ni uniti 12 na nusu hivi. Kwa bei ya LUKU ya takribani shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo ndani yake, ni karibu shilingi 4,400 kwa mwezi. Si fedha ya kumzuia mtu kununua mashine inayomletea kazi. Linaloniumiza zaidi ni umeme kukatika. UPS ndogo ya VA 650 inayouzwa kila duka hubeba kwa kawaida wati kati ya 325 na 390, na Z440 iliyobeba kazi nzito pamoja na kadi kubwa ya grafiki inaweza kukaribia kiwango hicho, hivyo umeme unapokatika UPS hulia mara moja na kuzima kabla hujahifadhi kazi. Anayenunua Xeon ahesabu na UPS kubwa zaidi tangu mwanzo, maana kazi ya droni iliyokatika saa ya tisa usiku huwa haianzii ilipoishia.

Kuhusu joto, Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na baridi ya Juni na Julai husaidia mashine kupumua. Watu wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba hewa ya juu ni nyepesi na hubeba joto pungufu kuliko ile ya pwani, ndiyo maana watengenezaji huelekeza kiwango cha joto la chumba kinachoruhusiwa kipunguzwe kadiri mwinuko unavyoongezeka. Adui mkubwa ni vumbi la Septemba na Oktoba. Ukifungua Z440 iliyokaa karibu na barabara ya vumbi msimu mzima, ukang'oa kifuniko cha feni, utakuta kati ya mapezi ya kipozeo blanketi jembamba la kahawia, limeshikamana kiasi cha kunyanyuka lote kwa kibano. Wati 120 zikikosa pa kutokea, prosesa hupunguza mwendo yenyewe kimyakimya, na mwenye mashine huanza kulaumu Windows.

Umri una gharama zake nyingine. Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon E5 v4 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Zipo njia za kuisimika kwa kupita kizuizi, na inafanya kazi, lakini Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kutegemea masasisho. Kwa ofisi inayoshika nyaraka za wateja nisingependa kujenga juu ya msingi huo. Anayeweza kufanya kazi kwenye Linux, na WebODM, Blender na QGIS (programu ya ramani) zote zinakwenda vizuri huko, hana shida hiyo kabisa. Vilevile, dosari za usalama za Meltdown na Spectre zilizotangazwa Januari 2018 zilizibwa kwa viraka vinavyopunguza kasi, na Microsoft wenyewe walieleza kuwa prosesa za kizazi cha Haswell na za kabla yake ndizo zinazoumia zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuchagua v4, ya Broadwell, kuliko v3, ambayo ni ya Haswell. Kuhusu v1 na v2, zinazopatikana kwenye HP Z420 na wenzake, sishauri mtu azinunue leo kwa bei yoyote: zinatumia DDR3, na hazina maagizo ya AVX2, yanayokokotoa namba nyingi kwa pamoja, ambayo programu nyingi za kisasa za hesabu zinayategemea.

Vipuri navyo vinahitaji kufikiriwa. Mazabodi na pawasaplai ya Z440 zina plagi za HP wenyewe, hivyo pawasaplai ikiungua huwezi kutembea hadi Kabwe ukanunua ya kawaida na kuifunga. Utasubiri moja itolewe kwenye Z440 nyingine Dar es Salaam. Kwa i5 kwenye kasha la kawaida, kila kipuri kina mbadala hapa hapa mjini.

Nisieleweke kwamba kila kipya ni salama. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zao za mezani za vizazi vya 13 na 14, hasa i7, i9 na zile i5 za juu zenye herufi K, zilikuwa zinapokea volti iliyozidi na kuharibika taratibu, zikaangusha programu bila sababu ya kueleweka. Walitoa sasisho la kurekebisha mwezi Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Sasisho huzuia uharibifu mpya. Prosesa iliyokwisha kuharibika halitaiponya. Kwa hiyo i9-13900K ya mtumba iliyotumiwa na mtu usiyemjua ni bahati nasibu, na i5-12400, ambayo haimo katika tatizo hilo, naiona ni ununuzi wa amani zaidi. Anayetaka nguvu zaidi bila kuingia huko atazame i7-12700 yenye viini vikubwa 8 na vidogo 4, ila aitumie na Windows 11, kwa sababu ndiyo inayojua kugawa kazi kati ya viini vya aina hizo mbili. Kwa upande wa AMD, kampuni inayoshindana na Intel, Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 ni mshindani wa haki wa i5, ingawa haina grafiki ndani. Threadripper Pro 7995WX yenye viini 96 ipo tangu 2023, lakini sina mteja huku ambaye kazi yake inaihitaji.

Mwisho ni kaunta yenyewe. Muuzaji mmoja alimuuzia mteja wangu Xeon ya “viini 28” ambayo ilikuwa na viini 14 na nyuzi 28. Tena ilikuwa v3, si v4 kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya bei. Jina kamili la prosesa lisomwe ndani ya mashine kwa CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa na RAM, si kwenye kibandiko, na neno “i7” bila namba ya kizazi lisikubaliwe, maana i7 ya kizazi cha 4 ilitoka mwaka 2013. Omba mashine ibebeshwe kazi yote kwa nusu saa ukiwa hapo, uangalie joto na mwendo wa viini mwishoni. Kisha fungua kifuniko uhesabu vipande vya RAM. Nimekuta Z440 nyingi zimewekwa kipande kimoja cha gigabaiti 32, jambo linaloiacha njia moja tu kati ya nne ikifanya kazi, na zile gigabaiti 76.8 kwa sekunde zinabaki 19.2. Mwambie muuzaji akibadilishe kwa vipande vinne vya gigabaiti 8, avipange katika nafasi zinazoonyeshwa kwenye mchoro ulio upande wa ndani wa kifuniko, na CPU-Z iandike kuwa njia ni nne kabla hujatoa fedha.